Uliza Injinia: Uendelevu darasani, tuuhesabu au tuuhubiri?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za walimu na wanafunzi wa uhandisi wa kemikali, na karibu zote zinazunguka jambo moja, hili la uendelevu kwenye masomo, yaani kuzalisha vitu bila kuharibu mazingira na maisha ya watu wa leo na wa kesho. Nimechagua tano. Zilizobaki zilikuwa zinauliza kitu kilekile ila kwa hasira zaidi.

Habari za kazi mhandisi. Mi nafundisha uhandisi wa kemikali chuoni. Waliokuja kukagua programu yetu wametuambia uendelevu lazima uonekane kwenye silabasi, na wakuu wanataka tuanzishe kozi mpya. Ratiba imejaa mpaka juu, hakuna pa kuchomeka hata lisaa limoja, na kusema ukweli mimi mwenyewe sikusomea haya mambo. Nianzie wapi?
*Mhadhiri mwenye ratiba iliyojaa*

Mwalimu mwenzangu, pole. Ushauri wangu ni mmoja na najua wapo watakaonipinga: hiyo kozi mpya iache kwanza. Sio kwamba ni mbaya, ila ukiiweka peke yake pembeni mwanafunzi anajifunza, bila hata kuambiwa na mtu, kwamba riaktori, chombo kinachofanyikia mmenyuko, ndo kazi na mazingira ni maneno ya ziada, kwa hiyo akishafanya mtihani wake anafunga daftari na kwenda kudizaini mtambo kama walivyodizaini waliomtangulia miaka hamsini iliyopita.

Unachohitaji tayari unacho, ni masi balansi na enaji balansi za mwaka wa kwanza, yaani mizania ya masi na ya nishati. Si siku ya kwanza kabisa tunamwambia achore boksi, aweke mishale ya vinavyoingia na vinavyotoka, aandike mizania? Basi uendelevu kwa mtu wa fani yetu, kwa sehemu kubwa, ni swali la hilo boksi, umelichora mpaka wapi na umeacha nini nje. Mfundishe alichore dogo, alafu alipanue, alafu alipanue tena, na kila akipanua aone jibu linavyobadilika. Hujaongeza kipindi hata kimoja.

Mfano ninaoupenda ni amonia, malighafi ya mbolea, kwa sababu kila silabasi inayo. Boksi dogo ni N2 + 3H2 → 2NH3, inapendeza kweli, atomi zote zimeingia kwenye bidhaa hakuna taka. Sasa mwambie apanue aulize hidrojeni imetoka wapi. Mitambo mingi inaitoa kwenye gesi asilia, na ukijumlisha hatua zote unapata CH4 + 2H2O → CO2 + 4H2. Apige hesabu mwenyewe: moli 3 za methani (hiyo CH4) zinatoa hidrojeni ya kutosha moli 8 za amonia, kwa hiyo ni 3 × 44 kwa 8 × 17, yaani 132 kwa 136, karibu tani 0.97 ya kaboni dioksidi kwa kila tani ya amonia, na hapo hatujawasha moto wowote, ni stoikiometri tupu, yaani hesabu ya uwiano wa mmenyuko wenyewe. Ukiongeza gesi inayochomwa kwenye rifoma, tanuri linalogeuza methani kuwa hidrojeni, na nguvu ya kuzungusha kompresa, hata mtambo mzuri wa gesi unafika tani 1.6 mpaka 1.8 hivi. Mwanafunzi akishaona hilo 0.97 anaelewa kitu ambacho slaidi mia haziwezi kumpa, kwamba hata ukipata injinia hodari kuliko wote hapo chini hapashukiki kwa kubana matumizi peke yake, lazima ubadilishe chanzo cha hidrojeni au uikamate hiyo gesi uifukie.

Usiishie hapo. Mitambo mingi ya amonia iko pamoja na ya urea, na urea inakula kaboni dioksidi, kwa hiyo kuna kijana atanyoosha mkono aseme tatizo limekwisha. Mpe nafasi akokotoe: tani moja ya urea imebeba 44/60, yaani tani 0.73 ya kaboni dioksidi. Getini kwa kiwanda hesabu inavutia. Lakini urea ikishamwagwa shambani inavunjika na ile gesi inarudi hewani, ndo maana miongozo ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, ya kuhesabu gesi joto inaihesabu palepale shambani kwa kiwango hichohicho. Juu ya hapo sehemu ndogo ya naitrojeni inageuka nitrasi oksidi, na kilo moja ya hiyo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto kama kilo 273 hivi za kaboni dioksidi. Na ndani ya boksi hilohilo kubwa kuna chakula, kuna mabilioni ya watu wanaokula kwa sababu ya mbolea hii, kwa hiyo jibu la "fungeni kiwanda" halipo mezani. Hapo mjadala unaweza kuanza, tena unaanza kila mtu akiwa na namba mkononi.

Kwenye kozi ya utenganishaji fanya hivyohivyo na mnara wa distilesheni, ule unaotenganisha vimiminika kwa kuvichemsha. Tumezoea kuwakaririsha kwamba rifluksi, yaani kimiminika kinachorudishwa mnarani kwa kila sehemu ya bidhaa ya juu, ichukue mara 1.2 mpaka 1.5 ya ile ya chini kabisa, basi. Waulize hiyo namba imetoka wapi. Imetoka kwenye bei, bei ya chuma upande mmoja na bei ya mvuke upande mwingine, na bei zikibadilika nayo inahama. Chukua rifluksi ya chini kuwa 2. Ukiendesha kwa mara 1.5 unapata 3, na mvuke unaopanda mnarani ni mara 4 ya bidhaa ya juu. Ukishuka mpaka mara 1.1 unapata 2.2, mvuke ni mara 3.2. Umeokoa asilimia 20 ya joto la riboila, kichemshio cha chini ya mnara, kwa kuongeza trei, zile sahani za ndani yake. Atakuja mjanja aseme chuma nacho kina kaboni yake, na ana haki kabisa, mwambie ahesabu: tani moja ya chuma ni kama tani 2 za kaboni dioksidi, tuseme mnara umeongezeka tani 10, hiyo ni tani 20. Mvuke tani moja kwa saa iliyookolewa kwenye boila ya gesi ni karibu kilo 130 kwa saa. Deni la chuma linalipwa ndani ya wiki moja hivi, na mnara unakaa miaka ishirini na zaidi. Michakato ya utenganishaji, distilesheni ikiwa ndo kubwa yao, inakadiriwa kula asilimia 10 mpaka 15 ya nishati yote inayotumika duniani, sa niambie kwa nini somo hili lisubiri kozi maalumu.

Kozi ya usalama nayo tayari ni somo la uendelevu, ila watu hawaiiti hivyo. Trevor Kletz, mtaalamu wa usalama wa viwanda vya kemikali, baada ya mlipuko wa kiwanda cha Flixborough, Uingereza, mwaka 1974 uliouwa watu 28, alishikilia wazo rahisi sana kwamba kitu usichokuwa nacho mtamboni hakiwezi kuvuja. Bhopal, India, mwaka 1984 kilichovuja kilikuwa kemikali ya kati, methili isosayanati, sio bidhaa ya kuuza, ni kitu kilichokuwa kimehifadhiwa kwa matani kikisubiri hatua inayofuata. Swali la "kwa nini kilikuwepo kingi hivyo" ni swali la dizaini na ni swali la majirani wa kiwanda kwa wakati mmoja.

Na hilo la kutosomea lisikutishe. Sehemu ya mizania unaiweza kuliko mtu yeyote. Ile ya jamii, nani anakaa upande upepo unakoelekea, nani anapata ajira na nani anapata kikohozi, hapo kweli wengi wetu tuko weupe, mwite mwenzako wa sosholojia au uchumi aje siku mbili tatu mkae wote mbele ya darasa, na mkibishana mbele ya wanafunzi ndo vizuri zaidi.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa 3. Uendelevu tunaofundishwa ni slaidi zenye picha ya dunia imeshikwa viganjani na mtihani unauliza "taja na ueleze nguzo tatu", zile za mazingira, jamii na uchumi. Nimezikariri na nimefaulu ila sioni vinaingiaje kwenye riaktori. Kuna kitu cha kukokotoa kweli au ni siasa tu?
*Nimechoka kukariri*

Marahaba. Kipo, tena kingi, na nguzo tatu hazina ubaya ila mtu hawezi kuzifungia valvu.

Anza na vipimo viwili vya wakemia. Barry Trost mwaka 1991 alileta hoja ya uchumi wa atomi, unachukua masi ya molekuli ya bidhaa unagawa kwa masi ya viambato vyote, unaona kiasi gani kinaishia kwenye bidhaa. Mwaka uliofuata Roger Sheldon akaja na E fakta, kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Hii ya pili inashtua watu, maana kiwanda cha kusafisha mafuta kinachoonekana kichafu E fakta yake iko chini ya 0.1, wakati dawa zetu za vidonge zinafika 25 mpaka 100 na zaidi, na sehemu kubwa ya hizo kilo ni viyeyushi. Ila kabla hujaanza kusifia mafuta kumbuka hiyo E fakta haihesabu yatakayotoka mafuta yakichomwa, boksi limeishia getini, unaona tunavyorudi palepale.

Fanya zoezi la ibuprofeni, ile dawa ya maumivu. Njia ya zamani ya kampuni ya Boots ilikuwa na hatua 6 na uchumi wa atomi kama asilimia 40. Njia ya BHC iliyoanza kuzalisha mwaka 1992 ina hatua 3 na asilimia 77, na ukiikusanya asidi asetiki inayotoka nayo ukaiuza unakaribia 99. Walimu wengi wanaishia hapo makofi yanapigwa. Wewe endelea, angalia katalisti, yaani kichocheo cha mmenyuko, ya hatua ya kwanza: ni hidrojeni floridi, kitu ambacho kikikugusa ngozi kinapenya mpaka mfupani. Wanakizungusha kinarudi kwenye mchakato kwa hiyo kwenye hesabu ya taka karibu hakionekani, ila kipo mtamboni kikiwa kingi na mtu wa zamu yuko karibu nacho. Sasa andika ukurasa mmoja, ungechagua ipi na kwa sharti gani? Hapo ndo nguzo zako tatu zilipo.

La pili, boila ya umeme dhidi ya boila ya gesi, kwa sababu siku hizi kila mtu anasema "tuhamie umeme". Gesi asilia inatoa kilo 56 hivi za kaboni dioksidi kwa gigajuli, na boila yenye ufanisi wa asilimia 90 inafanya iwe 62 kwa gigajuli ya mvuke. Gigajuli moja ni kilowati saa 278. Gawa 62 kwa 278 unapata kama kilo 0.22 kwa kilowati saa, huo ndo mstari. Kaboni ya umeme wa gridi yako ikiwa juu ya hapo boila ya umeme inachafua zaidi ya gesi, ikiwa chini inasafisha. Alafu jaribu kuweka pampu ya joto inayotoa joto mara 3 ya umeme iliopewa, mstari unapanda mpaka karibu 0.67 na mjadala wote unageuka. Ukiweza kumweleza hivyo mtu wa fedha kwa dakika tano, hiyo siasa umeishinda.

Mi ni meneja wa uzalishaji, miaka mingi kiwandani. Vijana wanaotoka vyuoni siku hizi wanaongea kijani kijani lakini mpe mchoro wa mabomba asome anabaki anakodoa macho. Hii fasheni ya uendelevu si inakula muda wa uhandisi wenyewe?
*Mzee wa zamu ya usiku*

Mzee wangu, nusu nakubaliana na wewe na nusu nakataa. Kijana asiyesoma mchoro wa mabomba hatookoa mazingira yoyote, hilo halina ubishi, na stimu trapu, valvu ya kutoa maji kwenye bomba la mvuke, iliyokwama wazi inapoteza mvuke kila saa huku yeye anatengeneza prezentesheni.

Ila fasheni hapana. Aliyetoa mihadhara ya mwanzo kabisa ya fani hii, pale Manchester mwaka 1887, alikuwa George E. Davis, na kabla ya hapo aliwahi kuwa mkaguzi wa viwanda vya alkali chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1863. Viwanda vile vilikuwa vinatengeneza magadi kwa njia ya Leblanc na vinatoa gesi ya hidrojeni kloridi kwenye dohani, kwa hesabu ya karatasi tu ni tani 0.69 kwa kila tani ya magadi, miti ikawa inakauka na wenye mashamba wanalia. Tangu 1836 William Gossage alishatengeneza mnara wa kuinasa kwa maji, lakini wengi hawakujisumbua mpaka sheria ilipowalazimisha wanase asilimia 95. Na wakanasa kweli, asidi ikamwagwa mitoni! Tatizo likahama kutoka hewani kwenda kwenye maji. Kilichokuja kuleta nafuu ni kupatikana njia za bei nafuu za kugeuza hiyo asidi iwe klorini ya kufanyia nguo iwe nyeupe, michakato ya Weldon na Deacon ya miaka ya 1860, taka ikawa mali. Kwa hiyo mzee, fani yako ilizaliwa kwenye meza ya mkaguzi wa moshi, na hao vijana wakifundishwa hadithi hii pamoja na stoikiometri yake watakusomea na mchoro wa mabomba vilevile.

Nikuombe na kitu: wapokee kwa mafunzo ya vitendo alafu wape bili ya mvuke ya mwezi mmoja na waambie watafute inakoishia. Bodo Linnhoff na wenzake miaka ya 1970 walipoanzisha uchambuzi wa pinchi walikuwa wanafanya hilohilo, joto gani linatupwa hapa na nani analihitaji pale. Kijana akirudi na jedwali la mikondo ya moto na ya baridi utamsamehe maneno yake ya kijani.

Chuo chetu hakina pesa za softwea za kutathmini mzunguko wa maisha wa bidhaa wala leseni za simulesheni. Tunafundishaje?
*Bila leseni*

DWSIM ni ya bure kwa simulesheni na openLCA ni ya bure kwa tathmini ya mzunguko wa maisha, zote chanzo huria. Shida ya kweli ni data, hifadhidata kubwa zinauzwa, lakini kwa kufundishia tumia vigezo vya IPCC ambavyo viko wazi kwa kila mtu, ongeza karatasi na kikokotoo. Mi hata ningekuwa na pesa ningewaanzisha kwa mkono, kwa sababu softwea inampa mwanafunzi namba yenye desimali sita akaamini kwamba ni kweli. Viwango vya ISO 14040 na 14044 vinaanza na kueleza lengo na mipaka ya tathmini kabla ya namba yoyote, na hiyo sehemu haihitaji kompyuta. Wafanye bidhaa moja ndogo, mikondo isiyozidi kumi, wabadilishane na kikundi kingine wakosoane mipaka.

Mwalimu nimefuata ushauri kama huu wako, nimeweka uendelevu kwenye projekti ya dizaini ya mwaka wa mwisho. Matokeo yake kila kikundi kimeandika sura moja nzuri mwishoni, ya kurasa nne, inayofanana kwa wote. Nasahihishaje hii kitu?
*Sura ya mwisho*

Ifute hiyo sura. Kweli kabisa, kwenye maelekezo ya projekti andika kwamba sura inayoitwa uendelevu hairuhusiwi. Ukiiruhusu wataiandika usiku wa mwisho baada ya mnara kushadizainiwa na bei kushapigwa, na kwa wakati huo hakuna kinachoweza kubadilika, wanabaki kupamba maamuzi yaliyokwisha kufanyika.

Badala yake dai vitu vitatu tangu mwanzo. Jedwali la kuchagua mchakato, lile la wiki za mwanzo, liwe na safu za nishati, kaboni, maji na kemikali hatari palepale pembeni ya safu ya gharama, karatasi moja, macho yaone vyote kwa pamoja. Alafu kila kikundi kionyeshe uamuzi mmoja wa dizaini uliobadilika kwa sababu ya hizo safu, na kama hakuna uliobadilika waeleze kwa hesabu kwa nini, hilo nalo ni jibu halali na saa nyingine ndo jibu lenye akili kuliko yote. Tatu waseme wamehamisha nini kwenda wapi. Marekani walipoweka MTBE, kemikali yenye oksijeni, kwenye petroli ili iungue vizuri hewa iwe safi, ikaja kuonekana kwenye maji ya visima maana inayeyuka kwenye maji na haiozi haraka, jimbo la California likaja kuipiga marufuku. Kikundi kinachosema mchakato wao hauna hasara popote hakijatafuta.

Kwenye maksi, usitoe alama kwa kaboni kuwa ndogo, utawafundisha kudanganya mipaka. Toa alama kwa mipaka iliyoelezwa wazi, kwa dhana zilizoandikwa na kwa kujua dhana ipi ikibadilika inapindua jibu. Kwenye utetezi wa mdomo mimi nachagua dhana moja tu, tuseme kiwango cha kaboni cha umeme au muda wa kudumu wa katalisti, naizidisha mara mbili na kuuliza sasa ungefanyaje, na anayeelewa kazi yake anajibu akiwa amesimama bila kufungua laptopu. Mgawanyo wa alama uwape siku ya kugawa projekti, maana ukiutoa wiki mbili kabla ya kukabidhi utaletewa ile sura ya kurasa nne tena, safari hii imekatwakatwa na kusambazwa kwenye ripoti nzima.